Mbuzi Aliyeanzia Juu

Mjukuu amenifungulia kitabu kipya mbele ya pua, na ile harufu ya gundi imenirudisha Kibra ya mashamba ya mahindi, kwenye mkeka wa haboba, yaani nyanya yangu.

Siku hiyo nilikuwa nimetupa kawa nililokuwa nikisuka, la kufunikia chakula cha Idi. Majani yalinikata vidole, na kawa lenyewe lilipinda kama kofia ya mlevi. Nikasema mimi siwezi.

Haboba hakubishana. Alitoa kitabu cha picha ambacho mjomba, mpishi wa Wazungu, alipewa kazini. Kizungu hatukujua kusoma. Tukakifungua kuanzia kulia, kama msahafu wetu wa madrasa. Picha ya kwanza, mbuzi jike kasimama juu ya mwamba, kidevu juu. Tukafunua, yuko katikati. Tukafunua tena, yuko bondeni analia, na wenzake wanamcheka.

Nikalia na mimi. "Haboba, ameshindwa!"

"Ameshindwa nini, we mtoto? Si umemwona juu kwa macho yako? Huyo anajua anakokwenda. Wacha wacheke. Lete kawa lako."

Nikaliokota. Idi ilipofika lilifunika sinia, limepinda kidogo, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Haboba, umeanzia mwisho!" mjukuu ananipigia kelele, maana nimekifungua kitabu chake kuanzia kulia.

Najua. Hata hizi nyumba zangu za kupangisha hapa Mashimoni, niliona paa kwanza, kichwani, kabla ya kuchimba msingi. Funua, tuendelee.