Mshumaa Nilioupuliza

Mimi ni mwoga, na uoga wangu ndio unaonilipa mshahara. Naogopa sakafu yenye maji, vidonge vilivyochanganywa, jiko lililosahauliwa. Sisi tunaotunza wazee hapa Sydney tunafundishwa kuogopa. Kwa hiyo asubuhi ile, nilipoingia kwa bibi mmoja wa Kiyahudi niliyekuwa nikimhudumia, nikakuta mshumaa unawaka ndani ya glasi karibu na pazia la jikoni na mwenyewe bado amelala, sikufikiri mara mbili. Nikaupuliza.

Moshi haujaisha, bibi akatokea na kigari chake cha kutembelea. Akautazama.

"Ule ni wa mume wangu," akasema. "Leo ametimiza mwaka tangu afariki. Niliuwasha jana jioni, nao hauzimwi na mtu, huachwa uishe wenyewe. Kwetu roho ya mtu ni mwali wa moto."

"Ni upepo, bibi," nikasema.

Sikuogopa kufukuzwa kazi. Wiki tano kabla ya hapo mama yangu alifariki Tanga. Nilikuwa kazini, simu ikatetemeka mfukoni mara tatu, na kazini hatupokei simu. Huko nyumbani ilikuwa saa tisa ya usiku. Mtu hapigi saa tisa ya usiku kwa ajili ya salamu, nami nilijua, lakini nikaizima. Jioni nikarudi Auburn, mtaa ninaoishi, nimechoka, nikalala. Kesho yake nikaambiwa. Katika simu ulibaki ujumbe wa sauti wa mama, na sikuufungua, kwa kuogopa kumsikia akiniita. Tangu hapo nilikuwa nikisimama kuswali maneno yananikaukia mdomoni. Nilijiona mtu aliyemzima mama yake kwa kidole gumba. Na sasa nimezima roho ya pili.

Kazini sikuwa nimemwambia mtu. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na changu kilinifichua pale pale mbele ya sinki, glovu mkononi.

"Haukuwa upepo," nikasema.

"Najua. Hilo dirisha halijafunguka mwaka wa tatu huu."

Nikamweleza yote. Hakunipa pole; hakuwa mtu wa pole yule, chai ikipoa kidogo tu alinuna mpaka jioni. Akakaa, akanieleza jambo alilofundishwa na baba yake, aliyesoma elimu ya siri ya dini yao. Mungu alipoumba ulimwengu alitia nuru yake ndani ya vyombo, vyombo vikashindwa kuibeba, vikapasuka. Cheche zikaanguka kila mahali, zikajificha ndani ya vitu vya kawaida, hata ndani ya vitu vinavyotisha. Kazi ya binadamu ni kuzitafuta.

"Mimi nimetafuta mwaka mzima," akasema. "Kwenye viatu vyake, kwenye miwani yake. Wewe unajua yako iko wapi, unaogopa kuinama tu."

Akanisukumia kiberiti. Nilivunja njiti mbili kabla mshumaa haujashika. Kisha nikaiweka simu mezani, nikabonyeza.

Kwanza zilisikika pumzi, nzito, za kukwaruza. Nilitaka kukimbia. Halafu ikaja sauti ya mama, wala hakuwa akisema nami. Alikuwa akisema na mdogo wangu aliyemshikia simu.

"Mwache dada yako, yuko kazini. Atapiga akitoka."

Bibi akauliza mama amesema nini. Nikaurudisha ujumbe mwanzo, nikabonyeza tena.

Nilitoka saa tisa alasiri. Kwenye kituo cha basi nikaitafuta namba ya mama. Simu yake alibaki nayo mdogo wangu, na kwa wiki tano sikuthubutu kuigusa namba ile. Ikaita mara nne.

"Dada," mdogo wangu akasema, "umetoka kazini?"