Neno Nililoliruka

Juzi nilipita mtaani kwetu kwa zamani, hapa Chake Chake, kumpa pole jamaa aliyefiwa. Uwanja wa nyuma ya nyumba yetu umejengwa maduka. Nilisimama kidogo, ndugu yangu, maana pua yangu ilikataa harufu ya saruji, ikawa inanusa karafuu mbichi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi. Asubuhi nilisoma skuli, mchana nikaenda chuoni kusoma Kurani. Msimu wa karafuu, baada ya sala ya alasiri, wanawake walitandika majamvi uwanjani wakachambua: karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Hapo ndipo nilipofanywa mwalimu wa Kiingereza, nami sijavunja ungo.

Mwanafunzi wangu alikuwa jirani yetu, Mngazija wa Komoro aliyekuja kwetu kwa ndoa. Kwao alisomeshwa kwa Kifaransa. Mtoto wake wa kwanza alimfia wakati wa kujifungua, na tangu hapo alitaka jambo moja tu: awe mkunga. Hospitali ilikubali kumjaribu, lakini daktari alikuwa mgeni asiyejua lugha yetu, na mtihani ni wa Kiingereza. Mwalimu wangu wa skuli, aliyekuwa na kamusi nzuri, akaniandikia kurasa mbili za maneno yanayofanana sura katika Kiingereza na Kifaransa na kutofautiana maana. Akaniambia nimsomeshe.

Tukayachambua pamoja na karafuu. Akiona "library" alisema ni duka la vitabu. Nikamwambia la, pale vitabu vinaazimwa. "Demand" kwake ilikuwa kuomba kwa adabu. Kwa Waingereza ni kudai. Na "rest" kwake ni kubaki, kumbe ni kupumzika.

"Kwa hiyo nikiandika nataka 'rest' hospitali..."

"Daktari atadhani wenda kulala!"

"Hata hapa halali mtu," bibi yangu akadakia. "Jamvi lote hili atalichambua nani?"

Wanawake wakacheka mpaka karafuu zikamwagika.

Ukurasa wa pili ulikuwa na maneno machache. Alasiri ya mwisho wenzangu walikuwa wananiita tukacheze nage. Nikaukunja ule ukurasa, nikasema, "Tumemaliza."

"Mola akuzidishie ilimu, mwalimu wangu," alisema, nami huyoo, mbio.

Kesho yake alirudi mapema kutoka kwenye mtihani, akakaa jamvini bila kuvua buibui. Karatasi ya daktari iliuliza: akija bi kizee mwenye "pain", utamfanyia nini? Kwa Kiingereza ni maumivu. Kwa Kifaransa, herufi hizo hizo ni mkate. Jirani yetu aliandika kwamba atamchemshia chai ya kulia mkate wake. Daktari alicheka sana, kisha akamwambia ajaribu tena mwakani.

Bibi akanigeukia. "Weye mwana, neno hilo hukumsomesha? Kisa nini?"

"Alinisomesha, bibi," jirani akasema kabla sijafungua kinywa. "Mimi nimesahau. Kichwa changu kimejaa mikate."

"Na hiyo mikate yenyewe twaipangia foleni!" akasema bibi, na kicheko kikafunika kila kitu.

Kabla ya magharibi nilimfuata uani kwake nikilia, nikamwonyesha ule ukurasa niliouruka. Neno lenyewe lilikuwa la kwanza kabisa. Alilisoma kwa kidole. Mwaka mzima wa maisha yake, nilikuwa nimeutoa kwa mchezo wa nage.

"Umeniumiza," alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha. Akafuta macho yangu kwanza, ndipo akafuta yake. "Nimekusamehe. Kaa, tusome."

Tulisoma mpaka adhana.

Mwaka uliofuata alikubaliwa, alhamdulillahi, na wengi wa mtaa ule wamepokelewa duniani kwa mikono yake. Bibi alifariki bila kujua kilichotokea. Jirani naye ametangulia. Mola amsamehe uongo ule mmoja aliousema kwa ajili yangu, na amlipe kwa mengine yote.

Uwanja unaweza kujengwa, sina neno. Ninachokikosa ni kuwa na mtu mzima juu yangu, wa kuniona nimekosa, akanifunika mbele za watu, kisha akanisahihisha faraghani. Sasa mimi ndiye mkubwa wa ukoo. Walionisitiri wamekwenda zao wote, amebaki Yeye Mwenye kusitiri.