Zulia la Fundi Hakitoshi

Wateja wake walimwita Fundi Hakitoshi, naye hakukasirika. Ukimpelekea kitambaa atakipima kwa tepu, atakipima tena kwa mkono, kisha atakunja uso kama mtu aliyeonja ndimu na kusema, "Hakitoshi, mama. Tufupishe kidogo." Basi gauni lililokusudiwa kufika kwenye vifundo vya miguu litaishia chini ya goti, na wewe utalalamika, utatania, halafu utarudi tena, kwa sababu hakuna mtu mtaani aliyenyoosha mshono kama yeye.

Wateja wote aliwapokea kwenye kibanda chake cha cherehani, kando ya barabara. Nyumbani hakumkaribisha hata mmoja. Alisema nyumba ni ndogo, na kweli ilikuwa ndogo: sebule, chumba, na jiko ambamo watu wawili hupishana kwa ubavu. Lakini sababu haikuwa hiyo. Sababu ilikuwa imelala sakafuni.

Sakafu yenyewe ilikuwa ya saruji yenye nyufa, rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Fundi aliichukia tangu siku walipohamia. Mumewe naye alikuwa fundi rangi, kutwa anapaka kuta za watu nyeupe, nyeupe, nyeupe, na akirudi jioni alitamani macho yake yale kitu. Basi mke akaanza kubeba mabaki, vile vipande vinavyoanguka chini ya cherehani ambavyo mwenyewe hata havidai. Akavishona juu ya gunia lililofuliwa vizuri: pembetatu nyekundu kando ya duara za njano, milia myeusi, macho ya tausi, majani mapana kama sahani. Mume alipoingia alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Zulia la kwanza lilikuwa la halali kabisa. La pili pia, tuseme. Lakini rangi ni kama chumvi ya bahari, kadiri unavyoionja ndivyo kiu inavyozidi. Vipande vinavyoanguka vyenyewe ni vidogo, na yale mapambo makubwa, yale yanayopiga kelele, siku zote hukaa katikati ya kitambaa. Ndipo mkasi ukaanza kujiendea mahali pasipo na mabaki. Ndipo lilipozaliwa neno hakitoshi.

Alijiambia ni kipande tu. Haba na haba hujaza kibaba, na cha kwake kilijaa mpaka sebule yote ikafunikwa. Zulia moja tu, kubwa kuliko mengine, alilikunja na kulisukuma chini ya kitanda. Hilo lilikuwa na ua katikati, na hakuwahi kuthubutu kulitandika.

Ua lile lilikuwa la wifi yake. Wifi, dada wa mumewe, alikuwa mwanamke mrefu, muuza viatu vya mitumba, mwenye kovu la moto lililopanda mkono wa kushoto kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Aliungua akiwa mtoto, na hadi leo hununua nguo za mikono mirefu hata jua likiwa la kukaanga. Mama yao alipofariki alimwachia kitambaa cha buluu chenye maua mekundu matatu, kila moja kubwa kama ungo. Siku alipokipeleka kibandani, mwalimu wa chekechea, naye ni mteja, alikuwepo. Alikipapasa na kusema nguo kama hii mtu huzikwa nayo. Wifi aliomba kitu kimoja tu, mikono mirefu. Fundi alipima, akapima tena. Hakitoshi. Ua la tatu, alieleza baadaye, lilipotelea kwenye mishono. Wifi alilipokea gauni lisilo na mikono, akashukuru, akalikunja, na tangu hapo hakuna aliyemwona amelivaa.

Sasa ikatokea fundi akateleza kwenye kizingiti cha kibanda, mguu ukavimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi. Daktari akamkataza kuukanyagia. Wateja wakasikia, wakatuma salamu kwamba watakwenda kumpa pole nyumbani. Fundi alimwambia mumewe awazuie. Mume akadhani mkewe anaona haya kwa sababu ya umaskini, na hilo lilimuuma. Mkewe alipolala usingizi wa dawa, alifagia, akapanga viti, akavuta kile kilichokuwa chini ya kitanda na kukitandaza mbele kabisa, mahali pa heshima. Halafu akambeba mgonjwa wake mpaka kwenye kochi, anatabasamu kama bwana harusi. Hodi ilikuwa tayari imeshapigwa.

Waliingia watatu: muuza mayai, mwalimu wa chekechea na wifi. Fundi aliwaona wanavua viatu na kukanyaga nguo zao wenyewe kwa nyayo tupu.

Muuza mayai alizunguka sebule yote mdomo wazi. "Kumbe hapa nyumbani kila kitu kinatosha," alisema, na wote wakacheka, mume akacheka kuliko wote. Mwalimu alisema duara zile za njano kama anazijua. Muuza mayai akamjibu kwamba vitambaa hufanana kama watoto wa darasa lake wakivaa sare. Fundi alicheka nao. Jasho lilikuwa linamteremka nyuma ya masikio, na mguu, ule mguu mjinga, haukuweza hata kusogea ukafunika kitu.

Kisha akamwona wifi ameacha kucheka. Alikuwa anatazama chini, penye ua.

Mwalimu alikuwa ameanza kuinama, mkono umenyooshwa, anataka kuona zulia kubwa limeshonwaje. Wifi aliinuka kitini, akapita mbele yake na kukaa chini, katikati ya zulia, akaitandaza sketi yake pana pande zote mpaka ua likafunikwa lote. Alisema kiti kinamuumiza mgongo. Akaomba chai yake aletewe pale pale.

Na pale pale alikaa. Walizungumza juu ya mguu, juu ya bei ya mayai, juu ya mtoto wa chekechea aliyemeza kifungo. Kila mara wifi alipobanwa na ganzi alibadilisha goti moja tu, akishikilia sketi kwa mkono wake wa kovu. Fundi aliona afadhali angesutwa mbele ya mtaa mzima. Kutukanwa angejua ajibu nini. Huku kusitiriwa na mtu uliyemwibia hakuwahi kujifunza mahali popote.

Wageni walipoaga, mume akawasindikiza. Wifi aliinuka polepole, akipangusa sketi.

"Ukipona nitakuletea lile gauni," alisema. "Utalitia mikono."

"Wifi, kitambaa..." Neno lilikuja lenyewe, kwa mazoea, akaligeuza. "Kitatosha," akasema, akiwa ameangalia ukuta.

Mumewe aliporudi, fundi alimweleza yote. Mume hakumgombeza. Alipiga magoti, akakunja mazulia moja baada ya jingine, kama anayekunja nguo za marehemu, na fundi akatamani angalau angeuliza kitu.

Alilifumua ua kwa wembe, mguu ukiwa juu ya kigoda. Alilifua, akalipiga pasi, lakini mikunjo ya chini ya kitanda na nyayo za siku ile havikutoka vyote. Lilikuwa moja na mikono ni miwili, kwa hiyo ilibidi alikate katikati. Huo ndio mkato pekee alioupima mara tatu.

Wifi alikuja kumsalimia kaka yake akiwa amelivaa lile gauni. Muuza mayai, aliyekutana naye mlangoni, aliuliza mbona mikono imepauka kuliko gauni, na nani kamshonea. "Kanishonea wifi yangu," alijibu, basi, hakuongeza wala hakupunguza.

Aliketi, akakunja mikono mbele ya kifua. Nusu mbili za ua zikakutana, zikawa ua zima, limefifia, kovu halionekani. Fundi aliinamisha macho kwa haraka, kama alivyozoea kufanya, apate rangi ya kutazama. Chini palikuwa na saruji tu.