Vikombe kwenye Kichuguu cha Mama

Mama ndiye aliyeviona kwanza. Tulikuwa kwenye kiwanja chake kipya huko Annexe, pembeni mwa jiji, alikohamia kwa ajili ya kifua chake, maana mtaa wetu wa zamani ulikaa karibu na tanuru la shaba na alikohoa mwaka mzima.

"Kuya uone bikombe!" aliniita, ameinama chini ya kichuguu.

Ilikuwa likeni: vishina vya kijivu, kila kimoja na mdomo wazi juu, vidogo kuliko punje ya mchele. Likeni ni kuvu na mwani wanaoishi nyumba moja. Kuvu hujenga, mwani hupika, halafu wataalamu wanampa kuvu peke yake jina. Jambo hilo huniudhi kila mwaka ninapolifundisha chuoni Kasapa. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kunyamaza, nilimmwagia Mama yote palepale: ufalme wa kuvu, oda ya Lecanorales, familia ya Cladoniaceae, jenasi Cladonia. Nikaongeza kwamba likeni nyingi haziwezi kuishi kwenye hewa chafu.

Mama alishika hilo la mwisho tu. Kufikia jioni majirani wote walijua kwamba kiwanja chake ni safi, binti yake wa chuo kikuu amesema. Bustani yake ya lenga-lenga, ule mchicha wetu, akaipanua mpaka miguuni mwa kichuguu.

Mimi nilibeba kipande kidogo kwenda maabara. Nilitaka kujua spishi, basi, kwa raha yangu. Nikakitazama kwa lenzi, nikakidondoshea dawa, nikafuata kitabu hatua kwa hatua hadi njia ilipogawanyika. Huku kulikuwa na spishi inayokufa ikiguswa na moshi. Huku, nyingine inayostawi hata kwenye udongo uliojaa shaba, mahali nyasi zinapokataa kuota. Kwa macho zinafanana, na mashine ya kuzitenganisha imeharibika. Nikabaki kwenye jenasi, nikiwaza zile mboga na kile zinachokinyonya udongoni. Nilichukua udongo pia, nikaupeleka upimwe. Majibu hayajaja.

Jumapili nilikuta dada yangu amewaleta watoto wake. Mama alikuwa ameshapakua bukari, ugali wetu, na lenga-lenga, sahani moja ya watoto, nyingine yetu. Nilikaa. Sikunawa mikono.

"Haukule?" Mama akauliza. "Bile bikombe, ulipata jina?"

"Cladonia, Mama."

"Ile ulishaka kuniambia. Cladonia ya namna gani?"

"Sijue bado. Iko moja ya fasi ya hewa safi. Iko na ingine, ile inapendaka udongo ya shaba."

Dada aliacha kutafuna. Mama aliuliza bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

"Kumbe udongo iko muzuri ao iko mubaya?"

"Sijue, Mama. Tungoje majibu."

Alinyoosha mkono, akavuta sahani ya wajukuu wake. Mdogo alianza kulia. Mama akamkatia kipande cha bukari kitupu, akakipuliza kipoe, akampa. Kisha akaweka ile sahani ya mboga mbele yake mwenyewe.

"Batoto bangoje," alisema. "Miye nilishaka kula tangu mvua ya kwanza."

Nilimshika mkono. Aliutoa taratibu, akamega tonge.