Turubai Letu Msituni

Leo nimepewa pole ya msiba, na hakuna aliyekufa.

Mimi na mke wangu tumepiga kambi msituni, juu ya Kilosa. Kijiji kimeturuhusu, na kulala ni bure. Turubai nimelifunga mwenyewe kwenye miti. Limekaza, upepo utajiju.

Wakapita kina mama wawili na mizigo ya kuni. Kuona turubai, wakatua mizigo.

"Poleni wanangu. Aliyetutoka ni nani?"

Tukawaamkia, tukasema tumekuja kupumzika tu.

"Kwani nyumba hamna?"

"Tunayo, mama."

Wakatazamana. Mmoja akanisogezea mzigo wake wote.

"Basi pokeeni kuni. Mtu ana nyumba halafu analala porini, huo nao ni msiba."

Kuni zinawaka vizuri. Rambirambi zenu wekeni hapo chini.