Siku Baba Alipobaki Kitini

Naikumbuka, mwanangu, maana nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, siku wakwe walipokuja kuniposa hapa Mapendo, mtaa wetu wa Goma. Wenzangu wakikumbuka siku zao husimulia vitenge na vyakula. Mimi nakumbuka kiti cha mbao chenye mikono miwili, baba yangu amekikalia, na mimi nyuma ya pazia la chumbani namwomba Mungu asiinuke.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikianzia hapo utadhani nilirukwa na akili.

Baba alikuwa mtu wa milima ya Masisi, mfugaji aliyehamia Goma na kuuza maziwa. Alikuwa na adabu mpaka ikachosha. Yeyote akiingia, baba husimama. Hata mtoto wa jirani aliyetumwa kuomba chumvi alisimamiwa kama padri. Mama alikuwa akimtania kwamba ipo siku atamsimamia na mbuzi.

Asubuhi moja alikuwa ameinama mlangoni akisafisha bidoni, yale madumu yake ya maziwa. Akapita mtu anayemfahamu. Baba akanyanyuka haraka amsalimu, macho yakampotea, akapapasa ukuta na kuteleza hadi chini. Nilipomfikia alikuwa amekwisha kuamka anajipangusa suruali. Akaniambia ni jua tu. Mwanangu, mvua ilikuwa inanyesha.

Ikarudi tena, na tena. Akitoka kitandani anashika ukuta. Akimaliza kula anayumba. Nikamsumbua mpaka akakubali nimpeleke zahanati. Muuguzi akamlaza, akampima presha, ile ambayo sisi huku tunaiita tansio. Kisha akamsimamisha, akampima tena akiwa wima. Halafu akamshika kifundo cha mkono akahesabu mapigo, macho yake kwenye saa ya ukutani, nami nikaanza kuogopa.

“Muzee,” akasema, “ukilala, tansio iko muzuri. Ukisimama, inaanguka, kichwa inakosa damu. Na moyo yako haitembei sawasawa. Inapiga, inaruka, inakimbia. Unapashwa kuenda ku hospitali kubwa bakupime moyo.”

Tulipotoka nje baba alinikamata mkono.

“Hii maneno ibakie hapa. Wakwe bakishaenda, nitaenda hospitali.”

Nilimwelewa, na wewe nataka umwelewe, usimcheke. Kwetu, kabla ya ndoa, kila upande huchunguza upande mwingine, na swali mojawapo ni hili: je, katika ukoo huo kuna mtu anayeanguka? Neno kuanguka likitajwa, watu husikia kifafa, na wakisikia kifafa hukusanya miguu yao wakaondoka. Kifafa nacho ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, kina dawa, na hakuna haki ya kumkimbia mtu kwa sababu yake. Lakini nani angesema hivyo siku zile? Baba alikuwa radhi afe kuliko kuniharibia ndoa.

Na mimi nilimpenda Deo, mchumba wangu, sitakudanganya. Nilimpenda hata chakula hakikupita. Alikuwa karani, mtoto wa familia ya Kikatoliki kutoka upande wa Bukavu, mpole, na viatu vyake viling'aa hata siku za matope. Mjomba wake ndiye aliyekuwa mkubwa wa msafara, muzee Bisimwa, mtu aliyesifika kwa kuuliza maswali mpaka unatoka jasho. Nilijua neno moja tu likimfikia vibaya, Deo wangu atarudi Bukavu bila mimi.

Basi siku ikafika. Baba alikaa kitini tangu asubuhi na hakunywa hata maji, kwa sababu kwake yeye mwenye nyumba hanywi kabla ya mgeni. Hotuba zikawa ndefu. Msemaji wao akazunguka milima yote, msemaji wetu akazunguka naye. Mimi nilichungulia pembeni ya pazia, nikaona midomo ya baba imekauka na uso umepauka kama majivu. Ndipo muzee Bisimwa aliposimama akasema sasa wanamwomba baba wa nyumba naye asimame, awape neno lake.

Nikaiona mikono ya baba ikiibana mikono ya kiti.

Binti anayeposwa hatoki mpaka aitwe. Nilitoka. Shangazi aliuwahi upindo wa kitenge changu, nikamwachia kitenge cha juu nikaenda hivyo hivyo, nikaweka mkono begani kwa baba.

“Papa, ukae.”

“Rudi ndani,” akaninong'oneza.

“Sirudi.”

Muzee Bisimwa akanitazama. “Binti, juu ya nini unamuzuiya papa yako?”

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, mwanangu. Ningesema mguu unamuuma, yangekwisha. Lakini nikaona vijana wawili wenye nguvu upande wao, nikajua nikitaja mguu watakuja kumshika makwapa na kumnyanyua kwa mara moja, wakidhani wanamsaidia. Nikamtazama Deo. Deo alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasema kweli.

“Papa akisimama gafula, anaanguka. Haiko kifafa. Munganga wa ku zahanati alimupima, tansio inashuka na moyo inapiga mubaya. Kama mutaniacha juu ya ile, muniache. Lakini hatasimama.”

Shangazi akaanza kulia kama kuna msiba. Baba alifumba macho. Nami nikasema moyoni, haya, ndoa imekwisha, angalau baba yupo.

Muzee Bisimwa alikibeba kiti chake mwenyewe, akavuka sebule, akakiweka mbele ya baba mpaka magoti yao yakagusana, akakaa.

“Sisi tulikuja kuomba mutoto,” akasema. “Hatukukuja kuangalia namna mutu anasimama. Utujibu hapo hapo, muzee.” Kisha sauti ikawa kali. “Na ulitaka kutuficha mpaka wapi? Ungeanguka hapa, leo tungekuwa tunalia. Mimi ningerudi namna gani ku Bukavu na kusema niliua mukwe kwa ajili ya adabu? Heshima gani ile?”

Nimeonywa mara nyingi maishani, lakini onyo lile, ambalo hata halikuwa langu, ndilo lililonikaa moyoni. Baba alilia mbele ya wakwe. Deo akainuka, akaleta glasi ya maji akampa kwa mikono miwili. Baba akanywa yote, akajifuta macho, akatoa neno lake ameketi. Akakubali. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikakimbia chumbani kutafuta kitenge changu.

Waliompeleka hospitali walikuwa Deo na mjomba wake. Huko alibandikwa nyaya kifuani, mashine ikachora mwendo wa moyo, na kweli mapigo hayakuwa na mpangilio. Daktari akaeleza kwamba moyo ukipiga ovyo hivyo, damu inaweza kuganda ndani yake, na tone lililoganda likipanda kichwani mtu hupooza upande mmoja. Akampa dawa, akamfundisha namna ya kuamka. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Aliwabeba watoto wangu, mmoja baada ya mwingine. Mgeni akiingia, aliinua mikono yote miwili akiwa kitini na kusema, “Nakusimamia na roho,” na sijamwona mgeni aliyekasirika.

Sasa ni zamu yangu. Juzi juzi nilipoona giza nikitoka kanisani, sikumwambia mtu kwamba ni jua. Nilikwenda nikapimwa nimelala, nikapimwa nimesimama. Daktari, binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu, aliniambia mtu ambaye presha yake hushuka anaposimama yafaa na moyo wake uchunguzwe, maana mambo hayo mawili mara nyingi hufuatana, ingawa si lazima. Wangu bado unakwenda vizuri. Ananiita mara kwa mara auangalie, nami naenda nimevaa vizuri.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Wazee wengi wa mji huu wamekimbia vita na moto wa mlima wa volkano, wamelala kambini Mugunga, wamelala kambini Kanyaruchinya, na wamezoea kusema kila kizunguzungu ni njaa au mawazo. Wengine hawanywi maji jioni ili wasitoke kwenda choo gizani. Usiwaamini upesi. Ukimwona mama yako anashika ukuta akiamka, muulize. Mwambie akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, anywe maji, ndipo asimame taratibu, na giza likija akae tena bila aibu. Mshike kifundo cha mkono, usikilize. Mapigo yakiruka na kukimbia bila mpangilio, mpeleke akapimwe moyo, usingoje sherehe ipite. Kama anameza dawa za presha, asiziache kwa kujiamulia, amweleze daktari hicho kizunguzungu. Na mzee akikusalimu ameketi, usihesabu kama dharau. Sogeza kiti chako kwake.

Zaidi ya yote, usiifanye nyumba yako mahali ambapo mgonjwa anaona afadhali aanguke kuliko kusema. Baba yangu alinyamaza kwa sababu alinipenda, na upendo ule ulikaribia kumzika siku ya furaha yangu.

Mungu akuwekee wazazi wako mpaka nywele zao ziwe nyeupe zote. Akupe wakwe wenye akili. Na akujalie uwe mtoto ambaye mzazi wake anaweza kumwambia, “Naumwa,” bila kuogopa.