Dereva Aliyekiri kwa Adabu

Wa kulaumiwa ni hakimu aliyesikiliza shauri hili, na baada yake ofisi ya msajili iliyokalia nakala ya hukumu. Naanza na hilo kwa sababu mjini Juba habari hii husimuliwa kana kwamba dereva alijifunga kwa ulimi wake mwenyewe. Sivyo. Nilikuwa karani wa mahakama hiyo katika miaka iliyofuata mkataba wa amani kati ya kaskazini na kusini, na siku hiyo niliketi mbele ya meza ya hakimu.

Mashauri yaliyokuwa yakiendeshwa kwa Kiarabu sasa yaliendeshwa kwa Kiingereza, na sisi tuliorudi kutoka Kenya na Uganda tukatafutwa kwa haraka kujaza viti. Waliopandishwa kizimbani hawakuwa wamebadilika. Wengi waliijua mahakama moja tu, ya chifu. Huko, aliyemwumiza mwenzake husimama kwanza na kukubali kwamba amemwumiza. Asipofanya hivyo amemtukana majeruhi, na hakuna wa kumsikiliza. Akishakubali, ndipo wazee huuliza ilikuwaje, na nani alitokea wapi. Katika mahakama ya jinai mambo ni kinyume. Kukiri kosa ni kulifunga shauri: mashahidi hawaitwi tena, na kinachobaki ni adhabu. Anayesikilizwa ni yule aliyekana.

Dereva alikuwa mkazi wa mtaa wa Hai Malakal, amekulia uhamishoni Uganda, akisafirisha mkaa kutoka Nesitu. Katika soko la Jebel alimgonga mama Mganda muuza nyanya, akamvunja mguu. Mama alikuwa ametoka mbio nyuma ya lori lililoegeshwa, akimfukuza mbuzi aliyekuwa anakula nyanya zake, na alilisema hilo kwa kila aliyekwenda kumjulia hali. Familia mbili zilikwisha kukaa na kupatana. Lakini polisi walikuwa wamefungua shitaka la kuendesha kwa uzembe, na dereva alikuwa nje kwa dhamana, yaani mjomba wake alikuwa ameahidi mbele ya mahakama kwamba angefika siku ya kusikilizwa. Alifika, pamoja na mkewe, ambaye mimba yake ilikuwa imekaribia kutimia.

Nilimkuta mama kwenye baraza, ameegemea magongo, akimtania dereva.

“Wewe, shati ya harusi hiyo? Umekuja kuoa hakimu?”

“Malesh, mama. Nisamehe.”

“Malesh yako nimechoka nayo! Leo mimi nitasema ukweli. Mbuzi ndiyo ilileta hii maneno. Wakamate mbuzi.”

Mke wa dereva alicheka mpaka akashika ukuta.

Shitaka lilisomwa kwa Kiingereza, mkalimani akalitoa kwa Kiarabu cha Juba, na dereva akaulizwa kama ni kweli. Hakumtazama hakimu. Aligeuka, akamtazama mama, kama inavyompasa mtu mwenye adabu.

“Ni kweli,” alisema. “Nilimwumiza mama huyu. Naomba anisamehe.”

Hakimu aliandika kwamba mshtakiwa amekiri kosa. Nilisimama, nikaomba aelezwe maana ya kukiri, na aulizwe kama anakubali uzembe au anakubali tu kwamba gari lake lilimgonga mtu.

“Karani, wewe ni wakili wake?”

“La, Mheshimiwa.”

“Basi kaa.”

Nilikaa. Mama akainuka kwa magongo yake.

“Mimi iko na maneno.”

“Keti, mama. Mshtakiwa amekiri. Ushahidi hauhitajiki.”

“Mguu iko yangu! Nani anajua kuliko mimi? Wewe ulikuwa sokoni?”

Watu walicheka. Askari alimshika kiwiko, akamketisha. Hakimu alimtia dereva hatiani na kumhukumu kifungo. Alipopitishwa kando yangu akiwa na pingu, dereva aliinama, akaniuliza kwa sauti ya chini:

“Mzee, sasa wazee wataniuliza saa ngapi?”

Nilimweleza mkewe kuhusu rufaa: kwamba mahakama ya juu inaweza kuombwa ipitie uamuzi, ila ombi lina muda wake na huambatana na nakala ya hukumu. Alikwenda kuiomba nakala hiyo akiwa mjamzito, kisha akiwa na mtoto mgongoni. Mara hakimu alikuwa safarini, mara mwenye mhuri hayupo, mara umeme umekatika. Nakala ilitolewa baada ya muda wa rufaa kwisha. Mtoto alitambaa na kutembea baba yake akiwa gerezani.

Dereva alikitumikia kifungo chote, kisha akatoka. Hata hivyo hatia haikufutwa, na wenye magari huuliza. Hakuna aliyempa usukani tena. Mama muuza nyanya alikwenda mwenyewe kumwombea kazi kwa tajiri mmoja wa malori, akamwonyesha mguu wake, akajibiwa kwamba karatasi ya mahakama inasema vingine.

Kwa hiyo, nikiwa mtumishi mstaafu wa mahakama hiyo, nadai rasmi yafuatayo. Hakimu aliyetajwa hapo juu aeleze kwa maandishi ni kwa nini alipokea ungamo la mtu ambaye hakuelezwa maana yake, na kwa nini alimnyamazisha majeruhi. Msajili aeleze nakala ilizuiwa na nani. Na shauri lenyewe lifunguliwe upya, dereva aulizwe ilikuwaje, naye mama asikilizwe maadamu yu hai.